Asiyempokea Mtoto Amwonyeshe Njia

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Ukipanda basi asubuhi pale Tunduma kuelekea Sumbawanga, unayaacha nyuma malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia, unawaacha wabadilisha fedha na wapiga debe, na baada ya muda unajikuta katikati ya mashamba. Huko ndiko iliko Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Wakubwa kidogo kwa umri watakumbuka kuwa zamani tungesema Ndalambo ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Wilaya ya Momba ilizaliwa mwaka 2012, na mkoa wa Songwe mwaka 2016. Mambo haya ya mipaka nayataja makusudi, kwani tutayarudia.

Ndalambo nilizungumza na mama mmoja mwenye watoto wanne. Sitamtaja jina, wala hakuomba atajwe. Mwanawe wa tatu, mvulana wa miaka minne, ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku nzima na usiku wake, na alipotoka hakulia. Shingo ilichelewa kukaza, na mpaka leo hawezi kukaa bila kuegemezwa. Lakini anacheka, anawajua watu wake, na dada yake akiingia mlangoni anarusha mikono kwa furaha.

Mama huyo hulima na kuuza maharage na ulezi. Siku ya kupeleka mzigo sokoni hawezi kumbeba mgongoni mtoto wa miaka minne pamoja na gunia. Basi mtoto hubaki na dada yake wa miaka 10. Na siku dada akibaki nyumbani, shuleni kiti chake ki wazi. Nilipomwuliza binti yuko darasa la ngapi, alinijibu, "La tatu," kisha akatazama chini na kuongeza, "nikienda."

Mama alikuwa amejaribu. Alimpeleka mtoto kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto mchana, akaambiwa kwa upole kabisa, "Mama, huyu hatumwezi. Mpeleke kwa wanaohusika." Akauliza wanaohusika ni kina nani. Akajibiwa aulizie mjini. Akaenda mjini mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa aende ofisi nyingine, mara ya pili aliambiwa mhusika yuko semina. Nauli ikamwishia, akarudi kulima.

Akaniuliza, "Baba, wewe unayesema redioni, hebu niambie. Hao wanaohusika ndio akina nani?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo ndilo nililokuja nalo leo.

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Rudia maneno hayo: wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Mtoto wa Ndalambo ana miaka minne, kwa hiyo hayumo katika asilimia hiyo. Wataalamu wana sababu zao, maana kumpima mtoto mdogo kwa maswali ya karani wa sensa ni kazi ngumu. Lakini matokeo yake ni kwamba katika umri ule ule ambao msaada hufaa zaidi, mtoto wetu haonekani katika kiwango kinachotajwa mikutanoni. Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, mwaka 2021 lilikadiria kuwa duniani wapo watoto wenye ulemavu karibu milioni 240. Hao si wachache wa kusukumwa pembeni.

Nimesema umri ambao msaada hufaa zaidi, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, akifikishwa mapema, hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa wiki hadi wiki, kisha huvalishwa viatu maalumu, akatembea kama wenzake. Akicheleweshwa hadi utu uzima, kazi ni kubwa zaidi na huenda ikahitaji upasuaji mzito. Mtoto ambaye kichwa kinakua kupita kiasi kwa sababu ya maji anahitaji kufika kwa daktari wa upasuaji upesi, maana kila wiki inayopita ubongo unabanwa. Mtoto asiyesikia, akipewa lugha ya alama angali mdogo, akili yake hupata mlango wa kutokea. Akinyimwa, hufika miaka saba bila lugha yoyote, na watu wakamwita mjinga. Na huyu wa mtindio wa ubongo, hakuna dawa ya kuufuta, ila mazoezi ya viungo, ukaaji mzuri na kuchangamana na wenzake humsaidia asikakamae na humfundisha mengi.

Kwa hiyo kituo cha kulelea watoto si mahali pa kuwahifadhi tu ili mama aende sokoni. Kwa mtoto mwenye ulemavu, pengine ndiyo mara ya kwanza kuonwa na jicho jingine mbali na la nyumbani.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na sheria hiyo hiyo ndiyo inayosimamia vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka huo huo wa 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano. Kwa upande wa maandishi hatujapungukiwa. Tulichopungukiwa ni daraja la kutoka kwenye maandishi hadi kwenye mlango wa mama yule.

Basi nimjibu mama. Wanaohusika ni akina nani?

Wa kwanza wako pale pale kijijini. Sheria ile ya 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa, kwenda kata, wilaya hadi mkoa. Mwulize mtendaji wa kijiji: kamati yetu ni akina nani, na mara ya mwisho walikutana lini? Huenda akakuna kichwa. Asione haya, mradi akimaliza kukuna aiitishe. Mtendaji huyo huyo ndiye wa kukupa barua ya utambulisho, na bila barua hiyo utakwama ofisi nyingi. Usiondoke kijijini bila barua na bila kadi ya kliniki ya mtoto.

Wa pili ni zahanati na mhudumu wa afya wa jamii. Hawa wana uwezo wa kukuandikia rufaa. Rufaa ni karatasi ndogo, lakini inakutoa katika hali ya kuomba na kukutia katika hali ya kufuata utaratibu. Kwa watu wa nyanda zetu hizi, ngazi kubwa ya rufaa ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Wa tatu ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hapa ndipo yale ya mipaka yanaporudi. Tunduma ina halmashauri yake ya mji. Ndalambo imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Momba, yenye makao yake Chitete. Mzazi wa Ndalambo hupanda basi la Tunduma kwa sababu ndiko basi linakokwenda, akifika huambiwa faili lake ni la kwingine. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi, bali mstari wa ramani haukupita alikopita yeye. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, mzazi aulize kwanza: mimi ni wa halmashauri ipi? Kuuliza si ujinga, na nauli iliyookolewa ni kilo ya sukari.

Wa nne ni vyama na mashirika. Lipo Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, lililoundwa mwaka 1992. Chini ya mwavuli wake vimo vyama vingi: chama cha wasioona, TLB, chenye umri wa tangu miaka ya 1960, CHAVITA cha viziwi, CHAWATA cha walemavu wa viungo, chama cha watu wenye ualbino, na vinginevyo. Wapo pia ASBAHT, chama cha wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Hicho ni chama kinachonifurahisha, maana hawakungoja wanaohusika. Walikuwa wazazi, wakajihesabu kuwa wao ndio wanaohusika. Zanzibar nako kuna ZAPDD, jumuiya inayoshughulikia watu wenye ulemavu wa akili, na humo pia wazazi wamekuwa na sauti.

Kwa matibabu, Dar es Salaam iko CCBRT tangu mwaka 1994, na kule Muhimbili iko Taasisi ya Mifupa, MOI, ambako watoto wenye vichwa vikubwa hufanyiwa upasuaji. Karibu nasi zaidi, Mbeya mjini, kuna shirika liitwalo Child Support Tanzania, linalofanya kazi ya elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu kulelewa na kusoma pamoja. Mwalimu wa chekechea wa Tunduma au Vwawa anayesema hajui aanzie wapi, hana haja ya kwenda Ulaya kujifunza. Ni mwendo wa basi wa asubuhi moja.

Na pale mtoto anapoteswa, kufichwa au kufungiwa ndani, ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozi malipo.

Lakini hapa nitoe tahadhari. Penye shida hapakosi mjanja. Wapo wanaokuja na kamera, wakampiga mtoto picha akiwa amekaa vumbini, wakaandika jina, wakaondoka, na picha hiyo ikaenda kuombea fedha nchi za mbali. Mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu. Kwanza, cheti chenu cha usajili kiko wapi? Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa kwa Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Pili, afisa ustawi na mtendaji wetu wanawafahamu? Tatu, mtarudi lini? Shirika la kweli halikasiriki kuulizwa. Na anayekudai ada ya fomu ili mtoto aingizwe kwenye orodha ya wafadhili, mwonyeshe mlango.

Ndugu msikilizaji, sasa nigeuke kwa walezi wenye vituo. Nakiri kazi yenu ni ngumu. Mlezi mmoja ana watoto 30, mshahara wake ni mdogo na wakati mwingine unachelewa. Anaposema hatumwezi, mara nyingi ni woga unaosema, si roho mbaya. Anaogopa mtoto asije akapaliwa, asije akaanguka kifafa, wazazi wengine wasije wakawaondoa watoto wao.

Hebu tuutazame woga huo kwa karibu. Mtoto wa mtindio wa ubongo anahitaji kiti cha kona, chenye mgongo, mkanda wa kitambaa na meza ndogo mbele. Seremala yeyote wa kijijini anakitengeneza kwa mabaki ya mbao. Anahitaji kulishwa akiwa ameketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo kidogo, bila haraka. Kumlisha akiwa amelala chali ndiko kunakompalia. Mpini wa kijiko ukizungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli unakuwa mnene, naye anajifunza kushika mwenyewe.

Mtoto asiyesikia anahitaji umtazame usoni unapomsemesha, mahali penye mwanga, na ujifunze alama chache kwa wiki. Watoto wenzake watazishika kabla yako. Mtoto asiyeona anahitaji vitu visihamishwehamishwe, na kamba ya kumwongoza kwenda chooni. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, nguo ya mikono mirefu, kivuli, na kiti cha mbele. Mwenye kifafa anahitaji anywe dawa zake kila siku. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kitu chochote mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Shambulio likizidi dakika tano, mkimbize zahanati. Povu lile haliambukizi. Waliosema linaambukiza wamewaacha watoto wengi wakaungua motoni huku watu wakitazama.

Orodha hiyo haina mashine kutoka ng'ambo. Ina mbao, kitambaa, kamba, kofia na moyo. Pale palipobaki pagumu, yaani upimaji, mazoezi, dawa, vifaa vya kusikia, ndipo hasa panapohitaji wataalamu na mashirika. Lakini shirika haliwezi kumsaidia mtoto aliyefungiwa ndani. Humsaidia aliyekwisha pokelewa mahali, ambako mtaalamu akija humkuta.

Nanyi wasikilizaji wa mjini msidhani haya ni ya Ndalambo peke yake. Mjini kuna vituo vyenye majina mazuri ya Kizungu, ukutani amechorwa Mickey Mouse, na mzazi akifika na mtoto mwenye usonji anaambiwa nafasi zimejaa. Kesho yake jirani yake anampeleka mwanawe, nafasi zinapatikana. Mzazi huyo wa mjini ana kazi, basi mtoto hufungiwa chumbani na msichana wa kazi, naye msichana huyo ni binti wa miaka 14 aliyetoka kijijini. Tofauti ya Ndalambo na mjini ni kwamba kijijini mlango hauna kitasa.

Kuna jambo majirani zetu wa Kenya walilifanya zamani. Kuanzia mwaka 1984 walianza kufungua wilayani vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza. Havikumaliza shida zote, na vingine vimepungukiwa watu na vifaa. Lakini wazo lenyewe lilikuwa jema: mzazi awe na mlango mmoja wa kubisha, na nyuma ya mlango huo akae mtu ambaye kazi yake ni kujua milango mingine iko wapi.

Mlango wa namna hiyo unaweza kuanzia kwenye karatasi moja. Napendekeza kila ofisi ya kata, kila zahanati na kila kituo cha kulelea watoto kibandike ukutani karatasi yenye mistari michache: afisa ustawi wetu ni nani na namba yake, zahanati inayotoa rufaa ni ipi na siku gani, hospitali inayopima watoto ni ipi, shule ya karibu yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu ni ipi, chama au shirika linalofika huku ni lipi, na namba 116. Maafisa ustawi waijaze na kuirekebisha kila mwaka. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Na iwe kanuni, kwamba hakuna ruhusa ya kusema "hatumwezi" na kuishia hapo. Atakayemkataa mtoto aandike sababu, aandike alikomwelekeza, na nakala iende kwa afisa ustawi. Utaona jinsi kukataa kutakavyopungua. Kumwambia mtu hapana ni rahisi, lakini kuiandika na kutia sahihi kuna uzito. Kituo kikishindwa kweli, basi barua hiyo iwe mwanzo wa safari ya mtoto. Asiyempokea amwonyeshe njia.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kule Ndalambo mwana yule analelewa na mikono miwili, nayo ni ya binti wa miaka 10 ambayo ilipaswa kushika kalamu. Mtoto akipata nafasi katika kituo, wanaonufaika ni watatu: yeye mwenyewe, mama yake, na dada yake. Na kila siku anapokataliwa, wanaokataliwa ni watatu.

Wengine watasema, ya kwangu hayo hayanihusu, wanangu ni wazima. Ndugu yangu, hujafa hujaumbika. Homa ya uti wa mgongo haibishi hodi, na ajali ya barabara ya Tunduma haichagui. Anayeweka leo njia laini ya kuingilia kituoni hajui itapitiwa na nani.

Nilipoagana na mama yule sikuwa na fedha ya kutosha kumpa, wala si kazi yangu kujifanya mfadhili. Nilimwandikia kwenye karatasi yale niliyowaeleza leo: aanze kwa mtendaji, apate barua, apate rufaa ya zahanati, aulize halmashauri yake kabla ya kupanda basi. Aliitazama ile karatasi, akamwita binti yake aisome, kwa kuwa yeye kusoma hakubahatika. Binti akaisoma kwa shida, neno moja moja, akikwama kwenye "halmashauri" na kurudia. Mdogo wake alikuwa mapajani mwake, akivuta ncha ya karatasi.

Nilitamani binti huyo asome vizuri zaidi. Hilo nalo linatuhusu.